Julian Bond
Horace Julian Bond (14 Januari 1940 – 15 Agosti 2015) alikuwa mwanasiasa na mwanaharakati wa haki za kiraia nchini Marekani. Alizaliwa Nashville, Tennessee. Mwaka 1960 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopinga ubaguzi wa rangi.

Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bunge la Wawakilishi la jimbo la Georgia. Hata hivyo, tarehe 10 Januari 1966 wabunge walikataa kumwapisha, kwa kura 184 dhidi ya 12. Uchaguzi wenyewe haukuwa na dosari. Kosa lake lilikuwa kuunga mkono tamko la SNCC lililopinga Vita vya Vietnam. Wapigakura wake walimchagua tena, na bado alizuiwa. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba bunge hilo lilivunja haki yake ya kutoa maoni. Aliapishwa Januari 1967.

Alikaa katika bunge hilo hadi 1975, kisha katika Seneti ya Georgia hadi 1987. Mwaka 1986 aligombea kuteuliwa na chama cha Democratic kuwania ubunge wa taifa, akashindwa na John Lewis, rafiki yake wa tangu SNCC.