Bidoni ya lotoko katika nyumba ya polisi

Wandugu, siku moja hapa Basoko mama jirani, bibi ya polisi, aliniita pembeni. Akaniuliza: «Mwanangu, wewe ulisoma kilimo. Papa alileta bidoni ya lotoko, waliikamata kwa doria. Naweza kuuza kidogo kidogo? Mtoto anadaiwa minerval.» Nikamujibu: «Hapana, Mama.» Leo nataka kueleza sababu, maana kati yetu kuko wengi wanafikiri lotoko inaumiza mlevi peke yake.

Tuanze na namna inapikwa. Mihogo na mahindi ziko na wanga mingi, sukari kidogo. Mpishi anaotesha mahindi kwanza, sababu mbegu ikichipuka inatoa vitu vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Kisha chachu inageuza sukari kuwa alkoli. Baada ya siku kadhaa anachemsha ule uji katika pipa lililofungwa. Mvuke unapita kwa bomba, unapoa katika maji, unatoka matone.

Sasa, ndani ya matone hayo kuko alkoli zaidi ya moja. Etanoli ndiyo pombe yenyewe. Metanoli ni sumu. Mpishi mwenye uzoefu anatupa matone ya kwanza, sababu vitu vinavyoruka haraka vinatoka zaidi mwanzoni. Hata hivyo haiondoi sumu yote. Na mwenye haraka ya makuta hatupi kitu.

Metanoli ikiingia mwilini, ini linaigeuza kuwa asidi fomiki, ile inayoharibu mshipa wa jicho. Haina haraka. Mtu anaweza kunywa jioni, akalala vizuri, kisha kesho yake anaona sawa vile kuko ukungu mbele ya macho. Wengine wanakuwa vipofu, wengine wanakufa. Kwa jicho ama kwa pua huwezi kuitofautisha na pombe.

Hapa ndipo polisi anaingia. Mpishi anajua alipika nini, na chupa gani ni ya mwanzo. Polisi hajui. Anakamata kwa nyumba tatu, anamwaga yote katika bidoni moja, na ile elimu ya mpishi inapotea. Kwa hiyo bidoni iliyokamatwa iko hatari kuliko ilivyokuwa kwa mwenyewe. Tena polisi wetu analipwa kidogo, mara nyingine mushahara unachelewa. Bidoni inakuwa mushahara wa pili: atakunywa na wenzake, ama bibi atauza. Na mvuke wa lotoko unawaka haraka karibu na makaa ya jikoni, pale watoto wanakaa.

Musifikiri naongeza chumvi. Kenya, mwezi wa pili 2024, katika jimbo la Kirinyaga, watu zaidi ya 10 walikufa kwa pombe haramu. Serikali yenyewe ilisema sehemu ya pombe ile ilikuwa kielelezo cha kesi, ilitoka katika kituo cha polisi cha Kiamaciri, mahali iliwekwa ikingoja kuharibiwa. Ilikamatwa ili kuokoa watu, ikarudi sokoni ikawaua. Na polisi wa kituo kile walijikuta wao wenyewe wanachunguzwa. Waza bibi na watoto wao siku hizo.

Tufanye nini? Bidoni isilale kwa posti wala kwa nyumba. Siku ile ile OPJ aandike PV, achukue chupa ndogo ya ushahidi na kuifunga, iliyobaki imwagwe mbele ya mkubwa wa kartie, mbali na moto na mbali na kisima. Na mtu akianza kuona ukungu baada ya kunywa, musingoje kesho, musimupe maziwa wala mafuta ya ngazi: mpelekeni hospitali na museme wazi alikunywa nini. Dawa iko, lakini inasaidia mapema.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: «Sawa, mwanangu. Na minerval?» Sikukuwa na jibu. Tukiongea juu ya lotoko na polisi, tuongee pia juu ya mushahara wake. Bila ule, kila bidoni itakayokamatwa itaendelea kutafuta njia ya kuingia nyumbani.