Kutoka Kindu kwa Miguu: Uliza Saa, Usiulize Kilomita

Kiangazi cha Kindu, Juni hadi Agosti, ndicho wakati mzuri wa marafiki kuvuka mto Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli na kushika vijia vya mashambani. Matope yamepungua na vijito vingi vinavukika bila kuvua viatu. Swali la kwanza la watu wa mjini huwa ni kilomita ngapi, na ndilo linalowaponza.

Mtu mzima kwenye barabara ngumu hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Mtu huyohuyo, kwenye kijia chenye mizizi, magogo na mti ulioanguka ambao lazima uzungukwe, huenda asifikishe 3. Kwa hiyo mwenyeji wa kijijini akiulizwa, jibu lenye maana ni mwendo wa saa ngapi.

Hesabu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1876 mvumbuzi Stanley alipopatana na mfanyabiashara wa pembe na watumwa, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, amsindikize kutoka Nyangwe, makubaliano yalikuwa ya makambi 60, kila moja mwendo wa saa nne. Walitoka Novemba 5. Kesho yake msitu wa Mitamba ukawameza: ukungu, utelezi, na vipande vya mashua ya Stanley, *Lady Alice*, ambavyo wabebaji wake walifika kambini nyuma sana ya wenzao. Hazikupita hata wiki mbili Tippu Tip alitaka kurudi, naye alikuwa msafiri mzoefu kupita wengi wa zama zake.

Shida ya kundi ni mstari wenyewe. Kijia hupitisha mtu mmoja mmoja. Wa mbele akisita kwenye gogo, wa pili husimama, wa tatu husimama zaidi. Gogo likishavukwa, kila mmoja hukaza mwendo azibe pengo. Wa mkiani hubaki akisimama na kukimbia, akisimama na kukimbia, na huchoka kabla ya wote ingawa njia ni ileile.

Dawa yake ni kumweka mwenye mwendo wa pole karibu na mbele, nyuma tu ya anayeijua njia, na mwenye nguvu kuliko wote afunge mkia. Misafara ya karne ya 19 nayo ilikuwa na kirangozi, yaani kiongozi wa njia, mbele na wanyapara nyuma, lakini ilibeba pembe za ndovu na kuburura watu waliotekwa, na aliyechoka alipigwa, akaachwa porini au akauawa. Katika nchi iliyopitiwa na misafara hiyo, kumwachia aliyechoka apange mwendo ni heshima ambayo kila kundi la marafiki linaweza kuitoa.

Baiskeli pia zina haki yake. Wafanyabiashara wa Maniema husukuma baiskeli zilizosheheni mchele na mafuta ya mawese, na baiskeli nzito ikisimamishwa mlimani ni kazi kubwa kuiondoa tena. Kundi zima lijitenge kando mapema, upande mmoja.

Kivuli cha msitu nacho hudanganya. Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Chini ya miti hewa imejaa unyevu, hivyo jasho hutiririka bure na mwili hubaki na joto lake. Maji yanywewe kidogo kidogo kabla ya kiu, pamoja na karanga zenye chumvi na ndizi. Kwenye mashamba ya wazi hali hugeuka: jasho hukauka upesi, lakini jua la adhuhuri huchoma, na kofia huwa na kazi.

Kindu iko karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, ndiyo maana mchana wake ni kama saa 12 mwaka mzima, na jua likizama giza hutanda kwa dakika 20 hivi. Kundi lililotoka alfajiri ligeuze kabla nusu ya mchana haijaisha, hata kama kijiji kilichokusudiwa hakijaonekana, maana miguu ya kurudi ni mizito kuliko ya kwenda. Na mwenye mtumbwi aambiwe asubuhi ileile saa ya kuwasubiri ng'ambo, na idadi yao.