Bakteria wa zambarau anayesubiri akidi itimie

Hebu fikiria umechota maji ya bwawa, ukayapaka kidogo kwenye sahani ya agari na kuiacha siku moja au mbili kwenye nyuzi 30. Koloni nyingi zitakazoota zitakuwa nyeupe au rangi ya maziwa. Lakini ukiwa na bahati, utakuta moja imekolea zambarau kama wino uliomwagika. Huenda huyo ni Chromobacterium violaceum, mkazi wa udongo na maji ya nchi za joto. Watafiti wa Brazil, ambako anapatikana kwa wingi katika mto Rio Negro, walichapisha jenomu yake nzima mwaka 2003.

Rangi yenyewe inaitwa violaseini. Anaitengeneza kutokana na triptofani, asidi amino ileile unayoipata kwenye mayai na maharage. Kazi hiyo inataka oksijeni. Bila oksijeni anaishi vizuri tu, ila rangi hakuna.

Na wala si urembo. Violaseini inadhuru bakteria wengine wanaogombania chakula naye, kwa hiyo bakteria mmoja peke yake akiitoa ni hasara tupu. Afanyeje? Kila mmoja anaachia molekuli ndogo ya ishara. Wakiwa wachache, ishara inapotelea majini. Wakishajazana, inafika kiwango fulani na jeni za rangi zinawashwa kwa wote. Ni kama kikao: ajenda haifunguliwi mpaka akidi itimie. Maabara nyingi zinafuga aina iliyobadilishwa, CV026, isiyoweza kutoa ishara yake yenyewe. Inabaki nyeupe, hadi uiweke jirani na bakteria mwingine anayetoa ishara kama hiyo. Hapo inageuka zambarau! Kipimo rahisi kuliko hicho sijakiona.

Sasa upande wa pili. Mara chache sana bakteria huyu huingia mwilini kupitia mchubuko uliogusa tope au maji yaliyotuama. Kidonda kinaanza kidogo, halafu homa, halafu majipu kwenye ngozi, ini hata mapafu, na mgonjwa anaweza kufariki ndani ya siku chache. Penisilini na ampisilini kwa kawaida hazimwezi. Siprofloksasini mara nyingi inamweza. Walio hatarini zaidi ni watoto wenye ugonjwa wa kurithi unaofanya seli nyeupe zishindwe kuua vijidudu zilivyovimeza.

Kinachoniudhi ni kwamba tunafundishwa kumtambua kwa rangi, wakati wako wasiotoa rangi kabisa. Koloni nyeupe kutoka kwenye damu ya mgonjwa ni rahisi kuidhania uchafu wa maabara ikatupwa. Kwa hiyo ukipata homa kali baada ya kuchubuka kwenye maji ya matope, usiishie kusema "nina homa". Mwambie daktari na habari za lile tope.