Wiki Nane za Kwanza Ugenini

Mzazi anapomsindikiza mwanawe uwanja wa ndege wa Kanombe hudhani kwamba kazi kubwa imekwisha. Ada imelipwa, viza imepatikana, sanduku limefungwa. Yaliyobaki, hufikiri, ni ya mtoto na vitabu vyake. Mimi pia nilidhani hivyo, ingawa nilisomea ualimu kabla ya kuajiriwa katika ofisi ya serikali na ilinipasa kujua zaidi. Yaliyoipata familia yetu mwaka 2025 yamenifundisha kwamba wiki za kwanza za ugenini zina mtihani wake, na mtihani huo hufanywa na wote wawili: aliyeondoka na waliobaki. Nayaandika kwa ruhusa ya binti mwenyewe na ya wazazi wake, huenda yakamfaa mwingine.

Sisi ni watu wa Rebero, kile kilima cha wilaya ya Kicukiro ambacho ukisimama juu yake waliona jiji la Kigali limetandazwa chini yako. Kaka yangu ni askari mstaafu. Alitumikia Darfur, ambako Rwanda ilipeleka askari wake wa kulinda amani kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Binti yake wa kwanza alipata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji katika chuo kikuu kimoja mjini Melbourne, kusini-mashariki ya Australia. Udhamini ulilipa nusu ya ada. Nusu iliyobaki pamoja na gharama za kuishi zilitoka katika akiba ya miaka mingi na mkopo ambao kaka aliuchukua Zigama CSS, chama cha akiba na mikopo ambacho askari na polisi wetu wanakifahamu vizuri. Kwa hiyo kila faranga ilikuwa na kazi yake.

Majirani walipouliza Australia ni wapi, kaka aliwajibu kwamba nchi hiyo si ngeni kabisa kwetu. Aliwakumbusha kuwa tangu Agosti 1994 hadi Agosti 1995, kikosi cha tiba cha jeshi la Australia kilihudumu hapa Kigali chini ya Umoja wa Mataifa, na madaktari wake walitibu wagonjwa katika hospitali kuu ya mji.

SANDUKU LA MAMA

Wifi yangu alilifunga sanduku kwa mapenzi. Alitia unga wa muhogo, dagaa wakavu, maharage, kikapu cha agaseke na makoti mawili mazito, maana sisi sote tuliamini kwamba ng'ambo ni baridi. Tena, bila kumwambia mtu, alificha kifurushi cha mbegu za dodo ndani ya soksi ili mwanawe apande mboga zake huko.

Australia ni nchi inayoogopa sana wadudu na magonjwa ya mimea na mifugo kutoka nje. Kila abiria anayeingia hujaza fomu inayouliza kama amebeba chakula, mbegu, nyama, vitu vya mbao au vya majani. Anayetangaza vitu vyake hukaguliwa, na kisichoruhusiwa huchukuliwa bila yeye kutozwa faini. Anayeficha hutozwa faini kubwa, na hata viza yake yaweza kufutwa. Binti yetu alijibu "ndiyo" katika kila swali lililohusu chakula na mimea, kwa sababu baba yake alimwambia jambo moja kabla ya kupanda ndege: "Usitie sahihi kwamba huna kitu, ikiwa sanduku hukulifunga mwenyewe."

Wakaguzi walifungua sanduku, wakatoa soksi, wakatoa mbegu. Binti alishikwa na butwaa. Maharage na mbegu vilichukuliwa. Dagaa, unga na kikapu alirudishiwa. Hakutozwa chochote, kwa kuwa fomu yake ilisema kweli. Akina mama, tafadhalini: msiweke kitu katika sanduku la mtoto bila yeye kukijua.

Alipotoka nje amevaa koti zito, alikutana na joto lililozidi la Kigali. Huko Februari ni kiangazi, na baridi yao huja Juni hadi Agosti. Makoti yalikaa kabatini miezi mitatu.

"UNAKWENDAJE?"

Mambo ya siku za mwanzo yalimchekesha na kumtisha kwa pamoja. Sisi Rwanda magari hupita upande wa kulia wa barabara, ilhali kwao hupita kushoto, kama Uganda, Kenya na Tanzania. Mara mbili alitazama upande usiokuwa na gari na kukanyaga barabara, na mara ya pili mzee mmoja alimvuta mkono. Tangu siku hiyo hungoja taa, akatazama pande zote mbili, ndipo avuke.

Mwalimu wake wa kwanza alimwambia amwite kwa jina lake la kwanza, bila cheo. Binti aliyelelewa katika nyumba ya askari hawezi kumwita mtu wa umri wa baba yake kwa jina tupu. Wiki tatu nzima alikuwa hamwiti kabisa. Alikuwa akingoja mwalimu ageuke ndipo aseme naye.

Nayo salamu yao, ukiifasiri neno kwa neno, ni "Unakwendaje?" Siku ya kwanza alipoulizwa hivyo na karani wa chuo, alijibu kwa adabu kwamba anakwenda kwa tramu, yale magari ya reli yapitayo barabarani. Karani alicheka, naye akacheka bila kujua sababu.

Hayo ndiyo aliyotusimulia kwa simu, nasi tulifurahi. Hatukujua kwamba alikuwa anachagua ya kusema.

YALIYOFICHWA

Mtu mmoja hapa Kigali, aliyejitia kuwa wakala wa wanafunzi, alikuwa amepokea fedha ili kumlipia binti chumba. Alipofika kwenye anwani aliyopewa, mwenye nyumba hakuwa na habari naye. Alilala siku tisa katika nyumba ya wageni ya bei nafuu, halafu akapata kitanda katika chumba cha watu wanne. Fedha za miezi miwili zilikwisha kwa wiki mbili. Akaanza kuhesabu kila kitu kwa faranga. Wakati huo dola moja ya Australia ilikaribia faranga elfu moja, hivyo kila sahani ya chakula aliiona kuwa dhambi juu ya mkopo wa baba yake. Akawa anakunywa chai na mkate asubuhi, na jioni ugali wa unga wa mama hadi unga ulipokwisha.

Mwezi Machi alishikwa na homa. Alijifungia siku nne kitandani kwa kuogopa gharama za daktari. Kumbe kila mwanafunzi wa kigeni nchini humo hulazimika kuwa na bima ya afya kwa muda wote wa viza yake, na bima ya binti ilikwisha kulipwa hata kabla hajaondoka. Kadi alikuwa nayo, ila maelezo yake hakuyasoma. Kazi yake ya kwanza ya kuandika nayo ilirudi na alama ya chini mno, kwa sababu alinakili maneno ya vitabu bila kutaja alikoyatoa, kosa ambalo vyuo vya huko hulihesabu kama wizi.

Katika siku zizo hizo, mjomba wake mmoja alimtumia ujumbe akiomba simu mpya, "maana wewe sasa uko kwenye fedha". Huyo mjomba hakujua kwamba mwanafunzi wa kigeni haruhusiwa kufanya kazi zaidi ya saa 48 katika kila wiki mbili wakati wa masomo, wala kwamba kazi yenyewe binti hajaipata bado.

Yote hayo hakuyasema. Kila tulipompigia alijibu, "Niko salama, Baba. Niko salama, Shangazi." Tena tulimpigia saa mbili usiku baada ya chakula, wakati wetu mzuri wa mazungumzo. Kwake ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Tulikuwa tunamwamsha, na sauti yake ya uchovu tuliidhani kuwa ya usingizi.

Nasi wa hapa hatukuwa bora. Mwezi huohuo wifi yangu alipasuliwa kidole tumbo, akalazwa hospitali. Tulikubaliana sote kumficha mtoto ili asivurugike masomoni. Alipomuuliza mama, tulimwambia ameenda Nyamata kuwaona wazee. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo. Mtoto hakuamini, lakini hakuuliza tena. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliyaficha kutoka pande mbili za bahari.

SIKU YA REBERO

Kila tarehe 7 Aprili Rwanda huanza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na tarehe 13 Aprili wiki hiyo hufungwa hapa kwetu Rebero, kwenye ukumbusho walipozikwa wanasiasa waliouawa kwa kuyapinga mauaji hayo. Binti huyu tangu utotoni hupanda kilima pamoja na baba yake siku hiyo. Mwaka 2025 ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa mbali. Katika mji aliokuwamo, tarehe 7 ilikuwa Jumatatu kama Jumatatu nyingine: tramu zilikwenda, watu walicheka, mwalimu alifundisha. Alituambia baadaye kwamba alikaa darasani asisikie neno.

Tarehe 13 ilikuwa Jumapili. Tuliporudi kutoka kwenye ukumbusho, yapata saa nane mchana, simu ya kaka ililia. Kwa binti ilikuwa saa nne usiku. Hakusalimu. Alisema, "Baba, mama yuko wapi?" Kaka alinyamaza, kisha akampa mama simu. Wifi alimwambia yote: hospitali, upasuaji, kidonda kilivyopona. Binti alilia kwa muda mrefu. Alipomaliza kulia, akaanza kusema yake, toka chumba hadi homa hadi alama.

Nilidhani kaka atakasirika kwa ajili ya fedha. Hakukasirika. Alimwambia hivi, na mimi nimeketi hapo: "Tulipokuwa Darfur, kila jioni kiongozi wa kikosi alitoa taarifa. Kwanza alitaja kilichopungua: maji, dawa, mgonjwa. Asiyetaja kilichopungua hakuletewa. Mimi baba yako nimesahau kukufundisha hilo, na nimelivunja mwenyewe."

TAARIFA YA JUMAPILI

Toka wiki ile familia ina desturi mpya. Kila Jumapili saa tano asubuhi ya Kigali, ambayo kwake ni jioni, tunapigiana simu. Kila upande hutaja kwanza jambo moja gumu, halafu jambo moja jema. Hakuna anayeruhusiwa kusema "salama" peke yake.

Katika Jumapili chache, mambo yaliyokuwa yameshindikana yalianza kutengenea. Kesho yake binti alikwenda kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi. Huko alisaidiwa kupanga fedha zake, akaelekezwa kwa walimu wanaofundisha uandishi wa kitaaluma bila malipo, na akapewa nafasi ya kuiandika upya kazi yake. Daktari alimpima na bima ikalipa. Alitafuta Wanyarwanda wenzake mjini humo, wakampokea. Mama mmoja alimpikia maharage, na yeye akampelekea dagaa waliobaki. Baadaye alipata kazi ya saa chache katika duka la mikate. Somo moja la muhula ule alilazimika kulirudia, na kulirudia kuna gharama. Hilo nalo alilisema Jumapili ileile alipolijua, na mipango ikafanyika mapema.

KWA MZAZI ANAYEJITAYARISHA

Ndugu msomaji, kama una mtoto anayesafiri, yafaa mkae pamoja kabla ya safari na kuyatazama machache haya. Mtoto alifunge sanduku lake kwa mikono yake. Asome karatasi za bima mbele yako, na ajue ni daktari yupi wa kumwendea. Asilipiwe chumba kwa mtu msiyemjua; ni heri chuo kiulizwe moja kwa moja. Aandike namba ya dharura ya Australia, ambayo ni 000, maana 112 yetu ameizoea. Mkubaliane saa ya simu kwa kutazama saa ya kwake, mkikumbuka kwamba Melbourne husogeza saa zake Aprili na Oktoba. Jamaa na waambiwe mapema kwamba mwanafunzi si mwajiriwa.

Nanyi askari na polisi mnaosoma ukurasa huu mkiwa kambini au katika nchi ya kigeni, jambo hili mnalijua kuliko mimi. Mnajua jinsi ilivyo rahisi kuandika nyumbani kwamba yote ni mema, na jinsi mke naye anavyojibu kwamba watoto wote ni wazima. Huruma hiyo ni ya kweli, lakini huwaacha wawili wakiumwa kila mmoja peke yake.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya wifi yangu kuanza. Alisema kwamba mvua imebomoa ukuta wa jiko. Halafu akasema jambo jema: dodo nyuma ya nyumba zimestawi. Binti akacheka, akamuuliza kama zimo ndani ya soksi.