Siku 100 za Wahafidhina wa Marekani

Muhula uliopita, katika Chama cha Midahalo cha shule yetu, nilisimama mbele ya watu nikasema kwa sauti kubwa kwamba chama kikishapata viti vingi bungeni hakina la kuogopa. Kitatunga sheria kitakazo. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili akaniuliza, "Na wabunge wakisha kukubali, ni nani mwingine hana budi kukubali?" Sikuwa na jibu. Watu walicheka, na upande wetu ukashindwa. Mwalimu wetu wa Historia hakunikemea. Alinipa kitabu tu, akaniambia nisome habari za Marekani za mwaka 1994. Basi haya ndiyo niliyoyapata, nami nayaandika ili wenzangu wasije wakaaibika kama mimi.

Kwanza wasomaji wajue kwamba Bunge la Marekani, liitwalo Kongresi, lina mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435, na Seneti ina 100, wawili kutoka kila jimbo. Vyama vikubwa ni viwili, Democratic na Republican, na hicho cha pili ndicho cha wahafidhina, yaani watu wapendao serikali ndogo, kodi nyepesi, na desturi za zamani zisiguswe ovyo. Kwa muda wa miaka 40 chama hicho hakikuwa na wingi wa viti katika Baraza la Wawakilishi. Mtoto aliyezaliwa siku kiliposhindwa alikuwa sasa mzazi mwenye watoto shuleni.

Tarehe 27 Septemba, 1994, wagombea wake zaidi ya 300, wakiongozwa na Newt Gingrich wa Georgia, walikusanyika mbele ya jengo la Kongresi mjini Washington, wakatia sahihi hati waliyoiita Mkataba na Marekani. Ndani yake mlikuwa na miswada 10: matumizi ya serikali yasizidi mapato, wahalifu waadhibiwe vikali zaidi, msaada wa maskini uambatane na kazi, wazazi wapunguziwe kodi, wabunge wasikae bungeni maisha, na mengineyo.

Nimeisoma ahadi ile mara nyingi. Hawakuahidi kwamba miswada itakuwa sheria! Waliahidi kwamba katika siku 100 za kwanza italetwa barazani, ijadiliwe, na kupigiwa kura. Mwanzoni niliona huo ni ujanja. Sasa naona walikuwa waangalifu kuliko nilivyokuwa mimi, maana kuleta muswada ndilo jambo lililokuwa mikononi mwao. Mengine yalikuwa mikononi mwa watu wengine.

Mwezi wa Novemba waliongeza viti 54, wakapata na Seneti pia. Gingrich akawa Spika. Tarehe 4 Januari, 1995, siku ya kwanza, walikaa kikao mpaka usiku wa manane ukapita. Walianzia nyumbani kwao: walipunguza theluthi moja ya watumishi wa kamati, na wenyekiti wa kamati wakawekewa mwisho wa miaka 6. Tena wakapitisha muswada kwamba sheria za kazi ziwabanazo waajiri wengine ziibane Kongresi pia, kwa kuwa nyingi hazikuwa zikiigusa. Rais akautia sahihi mwezi huo huo. (Viranja wetu wasinikasirikie, lakini niliposoma hayo niliwakumbuka wao na kengele ya alfajiri.)

Taabu ilikuja katika kubadili katiba. Kwa jambo hilo nusu ya kura haitoshi. Zatakiwa theluthi mbili katika kila baraza, kisha majimbo 38 kati ya 50 yakubali. Kifungu cha kulazimisha bajeti ilingane na mapato kilipata kura 300 kwa 132 katika Baraza la Wawakilishi, watu wakashangilia. Kilipofika Seneti mwezi wa Machi kilikosa kura moja tu. Mark Hatfield wa Oregon, mzee wa chama hicho hicho cha Republican, alikataa kukiunga mkono. Alikuwa tayari kujiuzulu ili wabaki maseneta 99, na kura 66 zitoshe. Lakini kiongozi wake, Bob Dole, hakukubali ajiuzulu. Mimi namheshimu sana mzee yule, ingawa mwenzangu wa kitanda cha jirani asema alikuwa mkaidi tu.

Muswada wa kuwawekea wabunge mwisho wa miaka nao ulipata kura 227 dhidi ya 204. Walio wengi walisema ndiyo, na hata hivyo ukaanguka, kwa kuwa zilitakiwa 288. Huo ndio pekee ulioanguka katika Baraza la Wawakilishi.

Halafu yuko Rais. Bill Clinton alikuwa wa chama cha Democratic, na Rais aweza kuurudisha muswada. Hapo tena zatakiwa theluthi mbili kumshinda. Waligombana juu ya bajeti hata ofisi za serikali zikafungwa mara mbili, mara ya pili kwa siku 21, tangu Desemba 1995 hata Januari 1996. Muswada wa msaada wa maskini aliukataa mara mbili, akautia sahihi Agosti 1996 baada ya kurekebishwa. Mwaka huo huo sheria nyingine ya mkataba ilimpa Rais uwezo wa kufuta matumizi moja moja katika bajeti. Mahakama ya Juu ikaivunja mwaka 1998.

Kwa hiyo, kijana wa Kidato cha Pili, jibu lako ni hili: Seneti, Rais, mahakama, na pengine majimbo 38.

Kile kifungu cha bajeti hakijaingia katika katiba yao mpaka leo. Lakini mwaka 1998 mapato ya serikali ya Marekani yalizidi matumizi, mara ya kwanza tangu 1969, na kila chama chadai kwamba sifa ni yake.