Kwa Nini Maji Hayaichukui Dhahabu?

Sogeeni, wanangu. Leo anayesimulia si mimi. Ni punje ya dhahabu ya Nyarugusu, kule Geita, ndogo kuliko punje ya chumvi. Msikilizeni.

"Nilikaa ndani ya jiwe miaka na miaka. Wachimbaji wakalitoa jiwe duarani, ndani ya shimo lao, wakalipasua, wakalitia kwenye karasha. Karasha likasaga, likasaga, likasaga, hata jiwe likawa unga. Unga ukapelekwa mwaloni.

Mwalo ni ubao mrefu ulioinamishwa, umetandikwa magunia. Unga ukawekwa juu, maji yakamiminwa. Haya, safari! Pembeni yangu alikuwapo Mchanga, umbo langu, kimo changu. Maji yakatusukuma sote wawili. Mchanga akaenda. Mimi nikabaki."

Kwa nini, mjomba? Maji si yaleyale?

Yaleyale kabisa. Umeuliza vizuri, mwanangu! Watu wazima wengi hupita mwaloni kila siku, wala hawajiulizi.

Tazama. Maji yanaisukuma punje iteremke. Uzito wake unaikandamiza chini, izame katikati ya nyuzi za gunia. Nyuzi nazo zinaizuia. Msukumo ukizidi, punje inakwenda. Nguvu zikilingana, punje inatulia. Mwingereza Isaac Newton aliliandika jambo hili mwaka 1687: kilichotulia hubaki kimetulia, mpaka nguvu ya upande mmoja izidi. Kwa hiyo ukiona kitu kimetulia, usidhani hakiguswi. Kinavutwa huku, kinazuiwa kule, na hakuna anayeshinda.

Kumbe dhahabu ni nzito tu, mjomba?

Ni nzito, ndiyo, lakini subiri, utamu uko mbele. Chukua kipande cha dhahabu safi, sentimita 1 kila upande. Kina gramu 19.3. Jiwe jeupe linalozaa ule mchanga, kipande cha ukubwa huohuo, kina gramu 2.65. Dhahabu imelizidi mara saba. Hapo ni pakavu. Sasa vitumbukize majini.

Umewahi kuvuta ndoo kisimani? Ikiwa bado imezama, huisikii. Ikishatoka tu, mikono inalia! Kumbe maji yalikuwa yanakusaidia kubeba. Maji hukisaidia kila kilichozama, kwa kadiri ya nafasi kiliyoichukua. Vipande vyetu vimechukua nafasi sawa, basi kila kimoja kinapunguziwa gramu 1. Hakuna upendeleo. Lakini jiwe linabaki na 1.65 tu. Dhahabu inabaki na 18.3. Gawanya mwenyewe uone: sasa imelizidi mara kumi na moja! Maji yaleyale yanayomsukuma Mchanga ndiyo yaliyokwisha kumpunguzia uzito wa kujishikilia.

Na ule mchanga mweusi, mjomba? Mbona hubaki na dhahabu kwenye karai la kuoshea?

Eh, jicho lako kali! Ule una chuma. Ni mzito kuliko mchanga mweupe, mwepesi kuliko dhahabu, ndiyo maana huchelewa kutoka. Ila mwaloni msiende kucheza. Kuna zebaki kule, nayo ni sumu. Jaribuni hapa nyumbani: beseni, mchanga, nati ya baiskeli, maji. Zungusheni taratibu, mkimwaga kidogo kidogo, mwone nani anatangulia kutoka.