Nani anaishi mu matete ya Tshangalele?



Wengi wetu ku Likasi, Kambove na Lubumbashi tunajua ziwa Tshangalele kwa njia ya sahani. Tilapia na kambale wanafika ku soko, mama anachagua, anabishana bei, anapika, imekwisha. Tena tunalijua kwa njia ya taa, maana maji yake ndiyo inazungusha mashini ya Mwadingusha. Lakini pale katikati ya nchi kavu na maji, pale mutu anaona paka matope na mbu, iko nini? Muulize mutoto wa shule. Kisha muulize mwalimu wake.

Ziwa hili si la zamani kama milima. Mbele ya 1930 pale palikuwa bonde tu, mto Lufira ukipita na kuanguka ku maporomoko ya Cornet. Union Minière ilihitaji kuran kwa kazi ya shaba. Baraji ikafunga mto, maji yakapanda, yakatandaa juu ya nyasi kilomita za mraba zaidi ya 300. Ni maji mapana lakini hayana kimo kirefu. Kwa hiyo mvua ikinyesha ukingo unasogea mbali sana, na wakati wa jua unarudi nyuma. Sehemu ile inayolowa na kukauka, kulowa na kukauka, ndiyo tunaita potopoto, na ndiyo yenye uzima mwingi kuliko katikati ya ziwa. Samaki wadogo wanajificha pale. Ndege wanajenga pale.

Tushuke pamoja kutoka ku shamba la mahindi. Kwanza unakutana na nyasi zinazolowa paka wakati wa mvua. Kisha matete. Kisha mafunjo, yenye kichwa kama nywele zisizochanwa. Mu maji yenyewe kuko yale maua ya yungiyungi, majani yake yamelala juu ya maji kama sahani. Na kuko kijiti kimoja ambacho ninaomba ukiangalie vizuri: kinasimama mu maji, maua yake ni ya manjano, mbao yake nyepesi kama kizibo cha chupa. Wataalamu wanakiita Aeschynomene. Wavuvi wa sehemu nyingi za Afrika wanatengeneza nacho maboya ya nyavu. Ku Tshangalele kina kazi ingine.

Mwaka 1960 Jean-Claude Ruwet, mutaalamu wa ndege kutoka Ubelgiji, alikuwa akichunguza ndege wa bonde la Lufira ya juu na wa ziwa la baraji. Kati ya ndege alizokamata kulikuwa mmoja wa jamii ya kwera, wale wanaosuka viota kama vifuko: mwili manjano, uso mweusi kama amevaa barakoa. Alizania ni yule anayejulikana kule Tanzania. Ndege akakauka ndani ya sanduku la makumbusho. Miaka 22 ikapita. Mwaka 1982 Louette na Benson walimuangalia tena, wakasema hapana, huyu si yule wa Tanzania, wakamupa jina lake: Ploceus ruweti. Ni mwaka uleule UNESCO iliandika Lufira kati ya sehemu za dunia za kuhifazi viumbe.

Na baada ya jina? Kimya. Paka mwaka 2009 ndipo watafutaji walirudi ku ziwa, wakamuona akiwa muzima, akisuka kiota juu ya maji, ku vijiti vile vyepesi nilivyotaja. Baadaye walimukuta pia nje ya ziwa, lakini pahali pote pale ni ndani ya Katanga yetu. Hakuna inchi ingine yenye ndege huyu.

Sasa fikiri kidogo. Toka 1960 mpaka 2009 ni miaka 49. Je, ni ndege alikosekana, ao ni watu walikosekana? Hakuna anayeweza kujibu, juu hakuna aliyeandika. Kama angekuwa mingi na akapungua nusu, hatungejua. Kama vijiti vile vingechomwa vyote upande mmoja wa ziwa, hatungejua vilevile. Wavuvi walimuona kila asubuhi, sina shaka, lakini jicho lisiloandika halisaidie wajukuu.

Fuata maji ya Lufira ikishuka mpaka kwa Lualaba, utafika mu maziwa ya Upemba. Kule kuko swala wa maji, lechwe wa Upemba, ambaye haishi pengine popote. Miaka ya 1970 walimukadiria kuwa 22,000 hivi. Miaka hii ya karibuni watu walipanda ndege, wakapita juu ya potopoto lote wakihesabu, wakaona 10. Wanafikiri hata kwa jumla hawafike 100. Hesabu mbaya sana, ndiyo. Lakini kwa sababu ile ya kwanza iliandikwa, leo kuko watu wanaomukimbilia. Ndege wetu wa Lufira hakuwa na hesabu ya kwanza.

Kuna jambo lingine linalotugusa ku tumbo. Mto Panda unapita mu Likasi kando ya viwanda, na maji yake yanafika mpaka mu ziwa. Mwaka 2010 watafiti walichapisha vipimo vyao kuhusu chakula cha maji yale, toka viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho mpaka samaki. Walikuta ndani shaba, kobalti na vyuma vingine. Ili kupima namna hiyo, ilipasa kwanza kujua nani anakula nani mu potopoto. Tena mizizi ya matete inashika matope, na matope inashika vyuma. Ukingoa matete ili kulima mboga, unafungulia matope ile njia ya kutembea. Wazazi wanaochoma majani ya ukingo kila mwaka wangefaa kujua hilo.

Kuhesabu si kazi ya wenye diplome peke yao. Vijana wa mtaa ao darasa moja na mwalimu wanaweza. Funga kamba toka nchi kavu kuelekea maji, na kila hatua kumi weka mulaba wa metre moja kwa moja. Andika kila jani lililomo kwa jina la pale, Kisanga, Kibemba, Kiluba, hakuna haya. Lisilo na jina likandamize kati ya magazeti, ulipe namba. Kwa ndege, fika kabla ya jua kuwaka, kaa kimya pahali pamoja, piga mustari mumoja kwa kila unayemuona. Mayai usiguse. Kwa samaki hauhitaji wavu: simama pale mitumbwi inafika, salimia baba vizuri, uliza nyavu imekaa mu maji saa ngapi. Samaki 20 wa saa mbili si sawa na samaki 20 wa usiku muzima, na hapo ndipo wengi wanadanganyika wanaposema ziwa lingali na samaki. Watoto wasiingie mu maji ya ukingo yenye konokono, juu ya bilaziozi.

Siku usipoona kitu, andika 0. Ile sufuri ni kazi pia. Ndiyo ilikosekana miaka 49.

Fanya mara mbili kwa mwaka, mwezi wa nne maji ikiwa juu na mwezi wa kumi ikiwa chini, ku kamba ileile. Andika tarehe juu ya kila ukurasa, kaye iwekwe ku kabati ya shule, na mama wa nyumba aambiwe mapema kwamba karatasi zile si za kufungia karanga.